Glaida, Ndege za Klabu na Uwanja wa Serikali: Nani Ampishe Nani?

Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 ya kampuni ya Safarilink iliruka kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Diani ikiwa na watu 44. Muda mfupi baadaye ikagongana angani na Cessna 172 ya shule ya urubani iliyokuwa ikifanya mazoezi ya kuruka na kutua. Cessna ilianguka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, mwalimu na mwanafunzi wake wakafariki. Dash 8 iligeuza na kutua salama.

Baada ya ajali ile, watu wasiojua lolote kuhusu urubani wakaanza kuuliza kwa nini vindege vya mafunzo na vya klabu vinachangia uwanja na ndege za abiria. Waliojibu waligawanyika. Wapo waliosema vindege vyote vihamishwe, na wapo waliosema ukivihamisha unaua chimbuko la marubani. Ukisikiliza mabishano hayo utagundua kwamba pande zote mbili mara nyingi huzungumzia viwanja vyote kana kwamba ni Wilson. Lakini viwanja vingi vya serikali Afrika Mashariki vinafanana zaidi na Nachingwea, kusini mwa Tanzania: njia moja, ndege chache kwa wiki, na jua kali. Mkazi wa Narung'ombe, Ruangwa, ambaye kiwanja cha serikali cha jirani yake ni hicho, ana haki ya kuuliza kama sheria iliyotungwa kwa hofu ya Nairobi inamfaa na yeye.

Uchambuzi huu unachukua mfano mgumu kuliko yote: glaida, yaani ndege isiyo na injini. Uwanja ukiweza kuishi na glaida, hautashindwa na Cessna ya mwanafunzi wala na droni ya kupulizia mikorosho.

Mamlaka mbili zinazochanganywa

Lawama nyingi hupotea njia kwa sababu watu hawatofautishi mwenye uwanja na mdhibiti wa anga. Tanzania, viwanja vya serikali vinaendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (TAA), iliyoanzishwa 1999. Anga, leseni za marubani, usajili wa ndege na vibali vya droni viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Kenya mgawanyo ni huohuo: Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya (KAA) ina lami na majengo, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA) ina anga na leseni. Klabu ikiambiwa isiruke Jumamosi asubuhi, la kwanza ni kujua nani kasema. Akisema mwenye uwanja, huenda sababu ni kodi, uhaba wa watumishi au ratiba. Akisema mdhibiti, sababu inapaswa kuwa usalama, na usalama unaweza kuelezwa kwa maandishi.

Kuna kasoro katika mpangilio huu ambayo husemwa mara chache. TCAA, kama KCAA, ndiyo mdhibiti na ndiyo pia inayoajiri waongoza ndege. Anayetunga sharti ndiye atakayepunguziwa kazi na sharti hilo. Sisemi kwamba watu hawa wana nia mbaya. Ninachosema ni kwamba ofisi yoyote ikipewa nafasi ya kuchagua kati ya kuongeza mtumishi na kuandika katazo, katazo ni rahisi zaidi, na gharama yake anabeba mtu mwingine.

Glaida inafanyaje kazi

Ndani ya glaida ya mafunzo kuna viti viwili, mabawa marefu membamba, na gurudumu moja kuu chini ya tumbo. Inapandishwa angani kwa njia mbili kubwa. Ama inavutwa kwa kamba na ndege ndogo yenye injini, ama inavutwa na winchi iliyofungwa mwisho wa uwanja, ambayo hukunja waya mrefu kwa kasi hadi glaida inapaa kama tiara. Juu, rubani anaachia waya na kutafuta hewa ya moto inayopanda. Mwewe na tumbusi hufanya hivyohivyo kila siku: huzunguka palepale wakipanda bila kupiga bawa.

Mfano huo wa ndege hai una historia hapa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasayansi Colin Pennycuick, aliyekuwa kwenye Taasisi ya Utafiti ya Serengeti, aliruka na glaida yenye injini ndogo ya kujisaidia akiwafuata tumbusi angani ili kupima wanavyotumia hewa. Sehemu ya tunayoyajua leo kuhusu safari za tumbusi wa Serengeti kutoka viota vyao hadi kwenye mizoga ilitokana na chombo ambacho wengi wangekiita mchezo wa matajiri.

Kwa uwanja wa ndege, glaida ina tabia tatu zinazoleta shida. Ya kwanza ni kwamba ikianza kushuka kutua haiwezi kughairi. Ndege yenye injini ikikuta njia imezibwa huongeza nguvu na kuzunguka tena. Glaida lazima itue, na ndiyo maana kanuni za kimataifa za anga huwataka wenye injini waipishe. Ya pili ni mwendo wake. Inakaribia uwanja kwa takriban kilomita 100 kwa saa, wakati Dash 8 inakuja kwa karibu mara mbili ya hapo. Ya tatu ndiyo inayowaudhi waongoza ndege kuliko zote: ikishatua inasimama palepale, inalalia bawa moja kwenye nyasi, na haiwezi kujiondoa. Watu wawili watatu wanakimbia, mmoja anashika ncha ya bawa, wengine wanasukuma, au gari linafunga kamba na kuivuta pembeni. Hizo ni dakika kadhaa njia ikiwa imefungwa, na huku abiria wa ndege nyingine wanazungushwa hewani.

Ukiongeza winchi, unapata waya wa chuma unaopanda mamia ya mita juu ya uwanja, ambao rubani wa ndege nyingine hauoni.

Hoja ya wenye uwanja

Kutokana na hayo, hoja ya kuwabana ina uzito. Wilson ulianza na wapenda urubani. Aero Club of East Africa iliundwa 1927, na Wilson Airways, iliyoanzishwa 1929 na Florence Kerr Wilson, ndiyo iliyouachia uwanja huo jina. Lakini kilichokuwa uwanja wa nje ya mji sasa kimezungukwa na Lang'ata, South C na mbuga. Njia zake mbili za kurukia hubeba ndege za watalii, za misaada, za madaktari, za miraa na za wanafunzi, zote katika saa zilezile za asubuhi. Wilson kinachogombewa ni dakika.

Hapa pana jambo la kiuchumi ambalo wenye klabu hawapendi kulisikia. Ada ya kutua hutozwa kwa uzito wa ndege. Glaida ya mafunzo yenye watu wawili ndani kwa kawaida haifiki hata kilo 700, kwa hiyo inalipa kidogo sana, ilhali inashika njia kwa muda mrefu kuliko ndege ya tani 19. Kwa kiwanja chenye msongamano, huo ni mpangilio wa bei usioendana na kinachotumika. Uwanja ukishindwa kupandisha bei ya dakika, unatafuta njia nyingine ya kugawa dakika hizo: saa za marufuku, kibali cha kila mruko, sharti la redio na transponda, kiwango kikubwa cha bima, au barua ya kuhama.

Sharti la transponda linahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa ndilo linaloonekana la haki kuliko yote. Ndege kubwa zina kifaa kinachomwonya rubani kuwa kuna chombo kingine karibu, lakini kifaa hicho humwona tu mwenye transponda, yaani kifaa cha kujitambulisha kwa mawimbi ya redio. Asiye nayo haonekani. Kwa hiyo kudai kila anayeingia anga lenye shughuli nyingi awe nayo ni dai la maana. Tatizo ni kwamba kifaa na ufungaji wake hugharimu dola elfu kadhaa, na glaida haina injini ya kuchaji betri. Marubani wa glaida walijitengenezea njia ya bei nafuu zaidi, kifaa kiitwacho Flarm kilichobuniwa Uswisi 2004, ambacho huwaonya wao kwa wao. Lakini hicho hakisomwi na kifaa cha onyo cha kawaida kwenye Dash 8, na hapo ndipo mazungumzo hukwama.

Udhaifu wa hoja ya wenye uwanja ni kwamba huchukulia kuwepo kwa hatari kama kibali cha kukataza aina nzima ya chombo. Ajali ya 2024 haikuhusu glaida, wala ndege isiyo na redio, wala mtu asiye na leseni. Ilihusu vyombo viwili vilivyoruhusiwa kuwa pale, katika uwanja wenye waongoza ndege. Katazo la glaida Wilson lisingegusa kabisa mazingira ya ajali ile.

Hoja ya klabu

Klabu husema kwanza kwamba marubani hawaoti. Anayerusha ndege ya abiria leo alianza na kitu chepesi. Glaida humfundisha mwanafunzi kusoma upepo na kutua bila kutegemea injini, ustadi ambao hauna mbadala siku injini ikizima. Hoja hii ni ya kweli, ingawa klabu hupenda kuitia chumvi: nchi nyingi hufundisha marubani wazuri bila glaida hata moja.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi. Wakiambiwa wahame, wahamie wapi? Kenya ina majibu machache. Klabu ya glaida ilijikita Mweiga, karibu na Nyeri, kati ya Mlima Kenya na Aberdare, ambako hewa inawafaa na ndege za abiria hazisongamani. Wenye ndege binafsi wamejijengea uwanja wa Orly, Kajiado. Wapenda miavuli ya kuelea huruka kutoka kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, karibu na Iten, bila kuhitaji uwanja wowote. Uganda, klabu ya Kampala iko Kajjansi, nje ya mji, mbali kidogo na ndege kubwa za Entebbe. Mifano yote hii inaonyesha kwamba kuhama kunawezekana, ila aliyehama alikuwa na ardhi, fedha au mlima. Kijana wa kawaida anayetaka kujifunza hana hata kimoja, na uwanja wa serikali ndio pekee uliokwisha kulipiwa na wazazi wake.

Wanachokosea klabu ni kudai haki ya kihistoria, kwamba sisi tulikuwepo kabla ya ndege za abiria. Kutangulia hakumpi mtu haki ya kuiweka ndege yenye watu 44 kwenye foleni nyuma ya mruko wa starehe. Klabu nyingi pia zina ulegevu wa mambo madogo: daftari la miruko halijajazwa, simu ya kumtaarifu mwongoza ndege haikupigwa, bima imepita tarehe. Hayo humpa mwenye uwanja sababu aliyokuwa akiitafuta.

Waliokwisha amua

Marekani ilitatua sehemu ya ugomvi huu kwa fedha. Uwanja unaopokea ruzuku ya serikali kuu hutia sahihi ahadi ya kuwa wazi kwa aina zote za shughuli za urukaji kwa masharti ya haki, bila ubaguzi usio na sababu. Wenye uwanja wanaweza kubana shughuli fulani kwa ajili ya usalama, lakini mwenye kauli ya mwisho kama kweli ni suala la usalama ni mdhibiti wa taifa, FAA. Kwa hiyo meneja wa uwanja hawezi kuamka tu akafukuza glaida. Lazima aonyeshe hatari na aeleze kwa nini kupanga saa hakutoshi. Udhaifu wa njia hii ni kesi ndefu na mabunda ya karatasi.

Uingereza kisa kilikwenda upande mwingine. Uwanja wa Farnborough, unaotumiwa na ndege za kibiashara za watu wachache wenye uwezo, uliomba anga la kudhibitiwa. Jirani yake ni Lasham, mojawapo ya vituo vikubwa vya glaida duniani. Mdhibiti aliridhia ombi 2018, Lasham wakaenda mahakamani, wakashindwa 2019, na anga jipya likaanza kutumika Februari 2020. Mahakama haikuulizwa nani ana watu wengi zaidi au nani anafurahi zaidi. Iliangalia kama mdhibiti alifuata sheria. Funzo kwa klabu za kwetu ni la baridi: ukisubiri uamuzi utoke ndipo uende kortini, umechelewa. Pa kushindania ni mezani, kanuni ikiwa bado rasimu.

Lakini mfano unaotufaa zaidi uko Soroti, Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipotaka shule ya marubani, haikuiweka Embakasi, Nairobi, wala Entebbe. Ilianzishwa 1971 Soroti, mji wa ndani wenye uwanja na anga tulivu. Jumuiya ilivunjika 1977, shule ikabaki. Wakubwa wa wakati ule walielewa jambo ambalo mjadala wa leo unalisahau: mafunzo ukiyapa uwanja wake mapema, huhitaji kuyafukuza baadaye.

Na Nachingwea?

Nachingwea ni mji uliotokana na mradi uliofeli. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kufika huku ndani. Mpango ukafutwa 1951 baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Reli nayo iling'olewa miaka ya 1960. Uwanja wa ndege ukabaki. Miaka ya 1950 ndege za East African Airways zilikuwa zikitua hapo katika safari zao za Kusini. Leo ndege za ratiba zinatua Mtwara, na Nachingwea kunabaki kuwa pa kutua viongozi, wagonjwa wa dharura na watu wa madini.

Hapa mizani inageuka. Nachingwea hakuna msongamano wa kuugawa. Kinachokosekana ni watu na vifaa: mtu wa redio, gari la zimamoto, uzio wa kuzuia ng'ombe na wapita njia waliozoea kukatiza uwanjani. Sharti la transponda halina wa kumwonya katika anga ambalo siku nzima halina ndege nyingine. Saa za marufuku hazimpishi mtu. Kinyume chake, shughuli ya kila wiki ingeleta watu wanaokagua njia, wanaofukuza mifugo kabla ya mruko, na wanaopigia simu mamlaka mashimo yakianza. Uwanja usiotumika huota nyasi, kisha huota njia za miguu, kisha huota nyumba, na siku ndege ya mgonjwa inapohitajika hakuna pa kutua.

Hata hivyo, asije mtu akatangaza klabu ya glaida Nachingwea kesho. Jua lipo, na hewa ya kiangazi inapanda vizuri. Tatizo ni chini. Glaida ikiishiwa na hewa mbali na uwanja inahitaji shamba wazi la kutua, na kati ya Nachingwea, Ruangwa na Liwale kuna miombo, vilima vya mawe na mikorosho iliyofungamana. Nyeri na Serengeti kuna nyanda za wazi. Kwa Kusini, kinachoingia akilini haraka zaidi ni shule ya urubani ya ndege nyepesi, na mafunzo ya marubani wa droni, kwa sababu droni zinaweza kuingia kwenye kazi halisi: kupulizia dawa ya ubwiriunga juu ya mikorosho mirefu, kazi ambayo leo mkulima anaifanya kwa mashine ya mgongoni huku vumbi la salfa likimrudia usoni. Anayetaka kurusha droni Tanzania anahitaji kibali cha TCAA, na ni haki. Ila masharti ya kibali cha kuruka jirani na uwanja wa Dar es Salaam na ya kuruka juu ya mikorosho ya Narung'ombe hayana sababu ya kufanana.

Uzito uko wapi

Nikipima hoja zote, naona kosa kubwa la kanuni za aina hii ni kupima chombo badala ya kupima uwanja. Swali sahihi la kwanza ni nini kimekuwa haba mahali hapo. Wilson haba ni dakika za asubuhi, kwa hiyo kuwatoza wote kwa muda wanaoshika njia, kupeleka mazoezi ya kuzunguka uwanja kwenye saa tulivu, na hatimaye kuhamisha mafunzo ni hatua zenye mantiki. Winchi ya glaida haina nafasi pale, na klabu ikilia juu ya hilo siioni hoja yake. Lakini amri ya kuhama bila uwanja wa kupokea ni kufunga shule kwa jina lingine.

Kwenye viwanja vya aina ya Nachingwea, mzigo wa kuthibitisha uwe kwa anayekataza. Aseme hatari ni ipi, inamgusa nani, na kwa nini simu moja kabla ya mruko, redio ya mkononi na kitambaa cha kuonyesha upepo havitoshi. Asipoweza, kibali kitoke. Kinachobaki kigumu ni bima na zimamoto. Kampuni za bima huuliza kama uwanja una huduma ya uokoaji, serikali haipeleki gari la zimamoto mahali pasipo na ndege, na ndege haziji pasipo na bima. Mduara huo klabu haiwezi kuukata peke yake, na mdhibiti hana bajeti ya magari. Anayeweza ni TAA kwa kushirikiana na halmashauri na kampuni za madini ya kinywe na nikeli zilizoomba ardhi Ruangwa na Nachingwea, ambazo zenyewe zitahitaji uwanja unaofanya kazi siku mfanyakazi wao akiumia shimoni. Gari moja la zimamoto lililochangiwa na wote watatu litakuwa na maana kubwa kwa uwanja ule kuliko kanuni yoyote itakayoandikwa Dar es Salaam mwaka huu.